Mwaka Nilioandika Kuhusu Kigugumizi

Mwili wa Mwalimu Adventina ulipokwisha kusafirishwa kwenda kwao Bukoba, sisi tuliowahi kuwa wanafunzi wake tulibaki nje ya kanisa, hatujui twende wapi. Mwishowe Zaituni akasema twende kwao Mabatini, dada yake amepika pilau. Tukaenda, watu wachache ambao wengi wetu hatukuwa tumeonana tangu tumalize chuo. Tukavua viatu mlangoni, tukakaa, na kwa muda mrefu tukazungumza habari za watoto na uhamisho wa kazi, kama watu wanaoogopa kulitaja jina la marehemu. Aliyelitaja kwanza ni Zaituni. Aliniuliza, huku akinipakulia, kama nakumbuka ule mwaka Mwalimu alipotulazimisha kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Wenzetu wakacheka, kila mmoja akakumbuka jinsi alivyolalamika. Mimi nilijibu kwamba nakumbuka. Jibu hilo lilichukua muda kutoka, kwa kuwa mimi ni mtu wa kigugumizi, na hakuna aliyenimalizia neno. Jioni ile nilirudi Igoma, ninakofundisha sasa, nikiwa nimeamua kuuandika mwaka huo kabla na mimi sijaanza kuusahau.

Tulikuwa mwaka wa pili wa saikolojia. Ya nyumbani kwetu nayaacha, yana mahali pake. Mimi na Zaituni tulipanga chumba kimoja Mkuyuni, hapa Mwanza, kwa Mama Shija, mjane aliyeuza vitenge sokoni. Zaituni alikuwa na kwao hapo hapo mjini, lakini nyumba yao ilijaa wadogo zake na vyerehani vya baba yake, na alisema hawezi kusoma huku kichwa chake kinashonwa. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama jiwe. Jiwe lile lilianzia uani likapanda juu kuliko paa. Mchana kutwa lilikunywa jua, jioni likalitema chumbani mwetu. Juu yake tulianika nguo, na mara moja, baada ya paa kuvuja, tukaanika pia madaftari. Asubuhi tulikunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Jioni ilikuwa ugali na dagaa waliokaangwa kwa nyanya nyingi, na mwezi ukichacha tulinunua mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kwenda viwandani, yakikaangwa hadi mifupa inavunjika mdomoni kama biskuti. Zaituni alipika, mimi niliosha vyombo. Kati yetu na sebule ya Mama Shija palikuwa na ukuta usiofika darini, kwa hiyo tulijua bei ya vitenge, magonjwa ya jirani, na kwaya ipi imemkosea nani. Na yeye, nadhani, alijua yetu, ingawa katika yetu sauti iliyosikika ilikuwa ya Zaituni.

Watu wasio na kigugumizi hudhani taabu yake ni kuongea tu. Mimi naona taabu kubwa ni yale maneno yasiyo na mbadala. Mtu kama mimi hujifunza kukwepa tangu utotoni. Neno moja likikataa unachukua jirani yake: badala ya "kesho" unasema "asubuhi ijayo", badala ya "kiberiti" unaonesha kidole. Unakuwa na msamiati mkubwa kwa sababu ya woga. Lakini yapo maneno mawili ambayo katika nchi hii hayakwepeki. La kwanza ni jina lako. Jina langu ni Kabula, na ile K ilikuwa ikinishika koo hadi macho yanatoa machozi, kwa hiyo chuoni nilijiandikisha kwa jina la ubatizo, Anna, lililokuwa likitoka kwa urahisi kidogo. La pili ni shikamoo. Huna neno jingine la kumpa mzee badala yake. Ukinyamaza huna adabu, na ukisimama mbele yake unarudia "shi, shi, shi", wengine watacheka na wengine watakuonea huruma, na sijui hadi leo lipi lilikuwa likiniumiza zaidi. Basi nilijifunza kuwapitia mbali wazee. Pale Mkuyuni nilimwacha Zaituni awe mdomo wangu. Alinunua, aliuliza, alipokea simu zangu, na Mama Shija alipotaka kujua kama nimeshiba, alimwuliza Zaituni.

Mwalimu Adventina alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, aliyetembea na thermosi ya kahawa na aliyekuwa hapandishi sauti hata darasa likiwa na kelele. Alisubiri. Siku alipotupa kazi ile alitueleza kwamba muhula huo hatutaandika insha ya kumpelekea yeye mezani. Kila mmoja atachagua mada moja ya saikolojia, aende kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuihariri, aandike au arekebishe makala kwa Kiswahili, na kwa makala hiyo atapata sehemu kubwa ya alama za kozi. Darasa lilinung'unika. Mmoja alisema Kiswahili hakina maneno ya saikolojia. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwa upole, "Mama yako akiumwa moyoni, utamweleza kwa lugha gani?" Kisha akatoa sharti moja tu. Huko mtandaoni kuna wahariri wengine, watu tusiowajua, nao watagusa kazi zetu. Atakayezozana nao atakatwa alama, na atakayejadiliana nao ataongezewa.

Zaituni alichagua usingizi, akasema ni jambo analolifanyia utafiti kila siku. Mimi nilichagua kumbukumbu, mada iliyokuwa salama. Tulikuwa na kompyuta moja iliyotumika, ya Zaituni, tuliyoiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, na tukawa tunapokezana bando likiwepo. Jioni moja, zamu yangu, nikiwa natafuta makala ya kuchukulia mfano, niliandika neno "kigugumizi" bila kufikiri. Makala ilikuwepo. Ilikuwa fupi, mistari michache tu, na wa mwisho ulisema: "Watoto wengi hupata kigugumizi kwa kumwiga mtu mwenye kigugumizi, hivyo wasiachwe karibu naye." Niliisoma sentensi ile mara kadhaa. Nilikuwa naifahamu muda mrefu kabla haijaandikwa. Shangazi yangu mmoja, tuliyekuwa tukienda kwake likizo, alikuwa akinipakulia sahani ya peke yangu na kuniweka jikoni, huku binamu zangu wakila sebuleni. Hakuwa mkali. Alinipa nyama kubwa kuliko zao. Alisema tu kwamba kitu hiki kinaambukiza, na kwamba mimi ni msichana mwenye akili, nitaelewa. Nilikuwa nimeelewa, na nikaendelea kuelewa hadi nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikaona ni haki yangu kukaa pembeni. Zaituni aliniuliza nasoma nini. Nikamgeuzia kompyuta. Alisoma, akasema, "Ifute." Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Adventina kuomba kubadili mada, na yeye hakuniuliza sababu. Alifungua kabati lake akanipa kitabu kinene cha Kiingereza juu ya matatizo ya usemi, akaniambia nikisome chote kabla sijagusa chochote.

Nilikisoma. Kilisema kwamba kigugumizi hakitokani na kuiga, wala na malezi mabaya. Kilisema pia kwamba mara nyingi huonekana kuandama ukoo fulani, kikirithiwa kwa damu. Nikaandika makala yangu taratibu, nikaifuta sentensi ile, nikaweka jina la kitabu na ukurasa. Siku ya pili sentensi ilikuwa imerudi. Aliyeirudisha alijiita Mkerewe. Nilipotazama kazi zake nyingine niliona ameandika habari za visiwa, vijiji, aina za furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa Kiswahili kizuri na bila makosa ya herufi. Nilifuta tena, akarudisha tena. Nikakumbuka sharti la Mwalimu, nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano, mahali ambapo wahariri huandikiana, nikamwandikia kwa heshima kumweleza kitabu kinasema nini. Alijibu kwa heshima vilevile. Aliandika kwamba jambo hili linajulikana na kila mzazi, kwamba vitabu vya mbali havijui watoto wa huku, na kwamba kuiondoa sentensi hiyo ni hatari kwa watoto.

Tuliandikiana hivyo karibu muhula mzima. Nataka kuwa mkweli juu ya furaha niliyoipata. Sikuwa nimewahi kubishana na mtu kabla ya hapo. Ubishi unataka ulimi mwepesi, na mimi nilikuwa nikishindwa kabla sijafika kwenye hoja. Pale kwenye ukurasa ule niliweza kusema "kwa hiyo", "kinyume chake", "kama ulivyokiri wewe mwenyewe", maneno yote ya K niliyokuwa nimeyanyima kinywa changu, na niliyaandika kwa wingi kama mtu aliyeruhusiwa kula. Nilianza hata kusaini Kabula. Mwalimu alikuwa akisoma yote. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi, akamimina kahawa kwenye kifuniko cha thermosi, akanipa. Akasema anaona ninafurahia kumshinda yule bwana. Kisha akasema, "Mtu haling'ang'anii jambo dogo namna hii kama ni dogo kwake. Mwulize lina nini." Nilikunywa kahawa yake chungu, nikamrudishia kifuniko. Sikumwuliza Mkerewe, maana niliona hilo ni swali la mtu anayetaka kusalimu amri.

Katika majuma hayo hayo nilimsikia Mama Shija upande wa pili wa ukuta, akiongea na mwenzake wa kwaya. Mwenzake alikuwa amemsifu yule binti mrefu, yaani mimi, akisema ana kijana wa dada yake anayetafuta mke. Mama Shija alijibu kwa huruma ya kweli kabisa kwamba binti ni mzuri, mchapakazi, lakini ulimi wake ndio hivyo, na watoto watakaozaliwa watamsikiliza nani kama si mama yao. Zaituni aliacha kukoroga ugali. Mimi nilimwashiria akoroge, utashika mabonge. Usiku sikulia. Ila kesho yake niliandika kwenye ukurasa wa majadiliano maneno makali kuliko yote, kwamba sentensi ile inawatenga watu na watoto wao, na kwamba anayeitetea hajawahi kuishi nayo hata siku moja.

Zikapita siku kadhaa. Kisha akaandika kwa kifupi. Alisema ana duka la stationari Nansio, Ukerewe, anapiga chapa na kutoa nakala, na Jumamosi atavuka kuja Mwanza kununua karatasi. Kitabu ninachokitaja hakionekani mtandaoni. Angependa kukiona kwa macho yake, ukurasa wenyewe. Kama nikikubali nimwelekeze mahali kwa maandishi, maana yeye si mtu wa simu. Nilishukuru kwa hilo la simu kuliko alivyojua. Nilimwelekeza kwenye mgahawa mmoja karibu na gati ya meli za Ukerewe, nikamwomba Mwalimu kitabu kwa siku hiyo, nikamwomba Zaituni aje kuongea kwa niaba yangu. Tulipanga hata atakavyosema. Angeanza kwa kueleza kwamba mimi nina mafua.

Tulikaa meza ya nje, upande wa ziwa. Abiria walishuka na magunia, mikungu ya ndizi, kuku. Alikuja mwanamume mwembamba, shati jeupe lenye kalamu mbili mfukoni, ameshika mkono wa mtoto wa kike wa kama miaka sita aliyevaa sweta la shule siku isiyo ya shule. Aliona kitabu mezani, akajua ni sisi. Alitupa mkono, akainamisha kichwa, akatabasamu, na hakusema neno. Akamsogeza mtoto mbele kwa kidole begani. Mtoto alinitazama, akafungua mdomo. "Shi," akasema. "Shi, shi, shi." Uso wa baba yake ulibadilika, akatazama ziwani. Zaituni alikuwa karibu kumsaidia, nikamshika mkono chini ya meza. Tukangoja. Muuza karanga akapita. Ikatoka nzima, shikamoo, na mtoto akavuta pumzi kama aliyeibuka majini. Kisha zamu ikawa yangu, na marahaba yangu ilikwama kwenye M kwa muda ambao mtu angeweza kumenya ndizi. Mtoto aliutazama mdomo wangu bila kupepesa macho. Na yule bwana akageuka kutoka ziwani, akanitazama mimi.

Mafua hatukuyataja tena. Alionesha kitabu kwa mkono, nikamfungulia ukurasa, akausoma kidole kikifuata mistari, akarudia. Halafu akamtazama Zaituni, akamwonesha mtoto na wale korongo wakubwa waliokuwa wakigombea vichwa vya samaki pale ufukweni. Zaituni alielewa. Akamchukua mtoto, ambaye jina lake lilikuwa Neema, wakaenda kuwaangalia ndege hao.

Walipofika mbali ndipo alipoongea. Jina lake, Magesa, lilimchukua muda zaidi ya ulionichukua mimi kwa langu. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mwenye kigugumizi kizito kuliko changu hadi siku ile, na nilikaa nikitazama jinsi taya lake linavyotetemeka, nikajua sasa watu huona nini wanaponitazama. Alinieleza kwamba mtoto wake alipoanza kutamka maneno, yeye alikata shauri kwamba mtoto asimsikie akiongea. Nyumbani alibakiza maneno mafupi ambayo hayakumkwamisha, eeh, hapana, njoo. Mengine alimwandikia mkewe kwenye karatasi, au alimnong'oneza chumbani. Mtoto alikua akijua baba yake ni mtu wa kimya, kama baba wengine walivyo wakali au wacheshi. Hata hivyo, alipofika miaka minne, alianza kukwama. Magesa alihisi mtoto amemsikia kupitia ukuta wa duka akiongea na wateja. Akaanza kuwahudumia wateja kwa ishara. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsimulia mwanawe hadithi hata moja.

"Kwa hiyo," aliniuliza, na neno hilo lilikuja vipande vipande, "hakunisikia?"

Nilimwambia kwamba hata kama alimsikia, kigugumizi hakukipatia huko. Kuiga hakuleti. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini, ule wa ukoo na damu, niliokuwa nikiomba asiufikie. Akasema ameuona. Basi bado kimetoka kwake. Sikuweza kumkatalia, kwa sababu mstari ule na mimi nilikuwa nimeuandika kwenye makala. Nilitafuta kitu cha kitaalamu cha kumwambia, nikakosa. Nikamwambia lililokuwepo. Lilinichukua muda, na alingoja.

"Kwetu hayupo mwingine. Kama ningekuwa na mtu mmoja nyumbani anayekwama kama mimi, ningefurahi."

Magesa alifunga kitabu, akakifuta jalada kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi. Sentensi ile aliifuta yeye mwenyewe wiki iliyofuata, na haijarudi tangu hapo. Mwalimu alinipa alama nzuri, si za juu kabisa, kwa sababu makala ilikuwa na maelezo marefu mno, na akaandika pembeni kwamba majadiliano yamezidi makala kwa ubora. Siku ya kuwasilisha niliisoma mwenyewe mbele ya darasa, ikala muda wa wenzangu wawili. Na nilipoitwa nilijitambulisha Kabula. Hayo yote yalitokea baadaye, na nikiyapima leo, baada ya kumuaga Mwalimu, naona hayanikai moyoni kama yaliyofuata pale mezani.

Zaituni alirudi na mtoto, mikono yao ikinuka samaki. Mama wa mgahawa akaja kutuuliza tutakula nini. Alianza na mtoto, kwa upendo, akainama. Neema akamtazama baba yake, kama alivyozoea, akingoja aoneshe kwa kidole. Magesa aliweka mikono yote miwili chini ya meza.

"M-m-m," akasema. Mama wa mgahawa akasimama wima. "M-mletee sa-sa-sato. M-m-mdogo. Wa ku-kuchemsha."

Neema aligeuka kwenye kiti chake. Alimtazama baba yake muda mrefu, kinywa kikiwa wazi kidogo.

"Ba-baba," akasema. "Na wewe?"

"Na mi-mimi. Ta-tangu m-mdogo."

Neema akafikiri. Akaninyooshea mimi kidole, akauliza kama na dada huyu, baba yake akaitikia kwa kichwa, ndiyo, na yeye. Akamnyooshea Zaituni. Zaituni akasema, "Mimi hapana," na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema kama mtu aliyeachwa nje ya jambo. Basi Neema akamgeukia yeye, kama mwenyeji anayemhurumia mgeni, akaanza kumsimulia habari ya mbuzi waliyesafiri naye melini asubuhi, aliyekata kamba na kuingia chumba cha nahodha. Sato alikuja, akapoa. Kila neno la mbuzi lilikwama, na kila lilipokwama sote tulingoja, hata mama wa mgahawa aliyesimama na kitambaa begani. Gatini meli ilipiga honi ya kwanza ya kuita abiria. Magesa, ambaye karatasi zake alikuwa bado hajazinunua, hakugeuka. Katika hadithi ya Neema mbuzi alikuwa bado hajafika Mwanza.